Zamu ya Kwanza

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Spoku naijua kwa mlio:
naigonga kwa ukucha, natega sikio,
ikilia naiweka, ikinyamaza naitupa kwenye ndoo.
Sijawahi kuchagua spoku kwa urefu peke yake.
Ikizidi gurudumu, itatoboa mpira.

Basi nieleze, Mwenyekiti Shekimweri,
ninyi mnagonga nini pale uwanjani?

Sheria ya ligi ni nyepesi, hata Zaituni mke wangu anaijua:
aliyeshika mkia huchagua kwanza.
Vijana hamsini wa mashuleni, namba vifuani,
na sisi, Nanga ya Chumbageni,
miaka mitatu mfululizo tumenyanyua kidole kabla ya wote.
Wa kwanza! Mgeni angedhani ni heshima.

Mwaka ule mlimchukua Hizza, mita mbili na ushee,
mlangoni anaingia kwa kuinama kama anayeomba radhi.
Mkampiga picha kando ya ubao, mkasema kikapu kimepata mwenyewe.
Mpira ukirudi kutoka kwenye ringi humdondokea utosini,
naye hugeuka kutazama nani kamwita.

Wa pili alikuwa mpwa wa mhazini.
Huyo simsemi. Mama yake ni mteja wangu.

Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa klabu, usiku, mkono ukitetemeka:

Mchagua nazi njema, hutikisa kwa sikio,
Ninyi mwapima kwa kima, mkiacha mwenye mbio,
Mwaka wa tatu nasema, hamsikii kilio,
Koroma tena koroma, ndilo lenu kusudio?

Asubuhi mlinzi akaufuta.
Nasikia aliupiga picha kwanza.

Kisha mwaka huu. Namba thelathini na moja.
Singano wa Makorora, ananifika begani,
kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi wa katani.
Alitoa pasi huku anatazama kwingine kabisa,
mpira ukafika kabla mwenzake hajajua kuwa anauhitaji.
Mimi, nje ya wavu, mikono ina grisi: "Huyo! Jamani, huyo!"
Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika
kama mnyororo kwenye mlima.

Mkamchagua mwenye bandeji gotini.
Litapona, mkasema.
Hata mimi nina baiskeli kumi na moja ukutani zinangoja kupona.

Singano akaenda zamu ya tano, kwa Papa wa Raskazone,
na Jumamosi iliyopita akarudi kwetu na jezi yao.
Pointi ishirini na saba. Daftari ninalo, sihitaji kuongopa.
Kila alipotufunga nilijikuta nimesimama:
nusu yangu inashangilia,
nusu inaikaba koo ile nusu nyingine.
Hizza alimkimbilia mara moja, akamrukia,
akatua, akakuta amebaki yeye na kivuli chake.

Jumatatu kijana akaja kwangu anakokota baiskeli,
gurudumu la nyuma linayumba kama mlevi wa sikukuu.
Nikaligeuza, nikakaza hapa, nikalegeza pale.
Hatukuongea mpira.
Mwishoni tu, anasugua hendeli kwa kidole gumba, akasema:
"Mimi nilitaka Nanga, mzee.
Tangu darasa la tatu nachungulia mazoezi yenu
kwenye lile tundu la ukuta, upande wa choo."

Lile tundu nalijua.
Mwaka jana mliliziba kwa saruji, mkaliita ukarabati.

Gurudumu nikalizungusha: kimya, sawasawa.
Hela sikuchukua. Zaituni asijue.

Sasa ni saa nne usiku, nina daftari mapajani.
Mechi mbili zimebaki na mkia tumeushika kwa mikono miwili,
hakuna wa kutunyang'anya.
Mwakani, zamu ya kwanza ni yetu tena.

Tiketi ya Jumamosi? Nimeshakata.
Usiniulize.